Kila Rika na Pikipiki Yake

Somo la kikundi: lisomwe kwa sauti, lijadiliwe, halafu kikundi kiamue



Somo letu la safari hii ni la pikipiki. Labda mtu atauliza, kwani pikipiki nayo ni somo? Ndiyo, ni somo. Vikundi vingi siku hizi vinaweka pesa ili wanachama wapate pikipiki mmoja baada ya mwingine, au vinamdhamini kijana wa mwanachama akichukua mkopo. Pikipiki ikichaguliwa vizuri inalisha nyumba. Ikichaguliwa vibaya inabaki deni, na wakati mwingine unabaki mguu uliovunjika.

Tumeamua kulitazama jambo hili kwa upande ambao mikutanoni hausemwi sana, yaani umri. Simameni kidogo kando ya steji yoyote ya mjini, mtazame. Kijana wa miaka 20 amekaa juu ya pikipiki yenye tangi pana, stika za rangi na redio. Baba wa miaka 40 ana ile yenye keria nzito ya chuma, na kamba za mpira zimefungwa tayari. Mzee wa miaka 65, kama bado anaendesha, ana kadogo kake anakokajua yeye mwenyewe. La sivyo, amebebwa. Mambo haya hayatokei hivi hivi tu. Yana sababu, na tukizijua sababu tutanunua kwa akili.

Tukimaliza somo hili tutaweza:
1. Kueleza umri unavyomsukuma mtu kuchagua pikipiki fulani.
2. Kutofautisha sababu nzuri na sababu ya kuonekana tu.
3. Kupima kama pikipiki inamfaa mtu kabla kikundi hakijatoa pesa.

1. TULIKOTOKA

Wenye miaka 60 na zaidi wanakumbuka kwamba zamani pikipiki ilikuwa kitu cha ofisi. Miaka ya 1970 na 1980, ukisikia mlio wake kijijini ulijua ni afisa wa kilimo, daktari wa mifugo, afisa wa afya, padre au katekista. Zilikuwa Yamaha, Honda na Suzuki. Ile Yamaha AG100, kwa mfano, iliundwa kwa kazi ya shamba. Ilikuwa na keria mbele na nyuma, na cheni yake ilifunikwa isiingie matope. Injini yake ilichoma oili pamoja na petroli, ndiyo maana ilitoa moshi. Petroli na spea zililipiwa na ofisi, kwa hivyo aliyeiendesha hakuwa na haja ya kuuliza inakula kiasi gani.

Bodaboda ilianza mbali na mlima wetu. Ilianza kwa baiskeli kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na jina lenyewe linatokana na maneno ya Kiingereza ya kuvusha watu mpaka hadi mpaka. Baadaye injini ikachukua mahali pa miguu. Karibu na mwaka wa 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250. (Cc ni kipimo cha ukubwa wa injini.) Kodi nyingine zimewekwa tangu wakati huo, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Pikipiki za bei nafuu kutoka India na China zilijaa, na majina kama Boxer na TVS yakawa ya kila siku.

Kwa hivyo mzee na kijana wanapokaa mkutano mmoja na kusema "pikipiki", hawasemi kitu kimoja. Mzee anafikiria chombo cha mtu wa ofisi, cha heshima, kinachodumu miaka 20. Kijana anafikiria kazi ya leo na chakula cha leo jioni. Hapo ndipo mabishano mengi huanzia.

Nchi nyingine mambo ni kinyume. Huko Marekani, nusu ya wenye pikipiki mwaka wa 1990 walikuwa na umri usiozidi miaka 32 hivi. Kufika mwaka wa 2018 umri huo wa katikati ulikuwa umepanda mpaka 50. Japani nayo, wanaonunua pikipiki mpya kwa wastani wamepita miaka 50. Kule pikipiki nyingi ni za matembezi ya mtu ambaye amemaliza kusomesha watoto. Sisi hapa, hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Wakenya 75 kati ya kila 100 wako chini ya miaka 35. Pikipiki kwetu ni jembe la kijana. Ndiyo sababu makosa ya kuchagua yanaumiza zaidi.

2. UMRI UNAPITIA MAMBO MATATU

Umri peke yake hauchagui pikipiki. Unapitia mwili, mfuko na macho ya watu.

MWILI. Pikipiki nyingi za kazi zina uzito wa zaidi ya kilo 100 kabla hujaweka mzigo. Kijana anaizuia kwa mguu mmoja ikitaka kuanguka. Mtu wa miaka 60, goti lake halitaki. Tena kuna macho. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20. Taa ya lori ikimpiga usoni usiku, inamchukua muda mrefu zaidi kuona tena. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde unapita zaidi ya mita 16. Kuchelewa nusu sekunde kushika breki ni mita 8, na mita 8 zinatosha kumfikia mtoto aliye barabarani.

Lakini kijana asidhani mwili wake umemaliza kila kitu. Wataalamu wanatuambia kwamba ile sehemu ya ubongo inayopima hatari huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Mikono na macho yako tayari, lakini kile kinachosema "ngoja kwanza" bado kinakua.

MFUKO. Katiba yetu ya mwaka 2010 inamwita kijana yule aliyefika miaka 18 lakini hajafika 35, na mzee yule aliyepita 60. Mistari hiyo ya umri inaingia mpaka kwenye mikopo. Hazina ya vijana iliyoanzishwa mwaka wa 2006 ina umri wake, na pesa za Inua Jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi zina wao. Kijana wa miaka 20 hana shamba la kuweka rehani, kwa hivyo mara nyingi anachukua pikipiki mpya kwa mkopo wa kulipa kila siku. Anachukua ile iliyo kwenye orodha ya mkopeshaji, hata kama si ile inayomfaa. Mama wa miaka 45 mwenye bonasi ya chai au akiba ya sacco anaweza kulipa taslimu, hata anunue iliyotumika. Mzee wa Inua Jamii anapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Hizo hazinunui pikipiki, lakini zinalipa nauli, kwa hivyo naye ana haki ya kusema juu ya pikipiki inayombeba.

MACHO YA WATU. Hili ndilo kubwa na ndilo linalofichwa. Kijana anachagua kwa vile wenzake wa steji watasema. Anaongeza stika, anatoboa ekzosi ipige kelele, anabadilisha usukani. Wenzake wanamsifu, naye anazidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Lakini tusiwaseme vijana peke yao. Mwalimu mstaafu anakataa pikipiki ndogo inayomfaa kwa sababu jirani ana kubwa. Mama wa miaka 50 mwenye duka anatumia nauli kila siku ya soko kwa sababu anaogopa watu watasema nini wakimwona ameendesha. Mzee asiyeona vizuri usiku hataki kumwachia mwanawe ufunguo. Haya yote ni macho ya watu. Hayana umri.

Basi msingi wa somo letu ni huu: mwili na mfuko ni sababu za kweli, tuzisikilize. Macho ya watu tuyajue kwa jina, tuyaweke kando, ndipo tutoe pesa.

3. MLIMA NAO UNASEMA

Ushauri wa pikipiki unaotoka mahali tambarare haufai wote kwetu. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na Nanyuki zaidi ya mita 1,900. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Ikifika kwetu imeshapoteza kati ya asilimia 15 na 20. Ndiyo maana pikipiki ya cc 100 inayotembea vizuri Mombasa inalia ikipanda Othaya na magunia mawili ya viazi. Si ubovu wa pikipiki. Ni mlima.

Halafu barabara zetu si moja. Mukurwe-ini na Othaya ni kupanda na kushuka. Naro Moru mpaka Nanyuki ni lami ndefu yenye upepo na magari ya mbio. Mwea ni tambarare. Mvua ya Machi mpaka Mei, na ile ya Oktoba mpaka Desemba, hugeuza udongo mwekundu kuwa sabuni. Kwa hivyo kijana wa Mwea na kijana wa Othaya, hata wakiwa na umri mmoja, hawahitaji pikipiki moja.

Kuna tabia moja ya vijana ambayo lazima tuitaje: kushuka mteremko injini ikiwa imezimwa, ama gia ikiwa huru, ili kuokoa petroli. Hapo breki zinabeba kazi yote peke yake. Zikipata moto zinalegea. Teremka na gia ndogo, injini ikusaidie kuzuia. Senti unazookoa hazitoshi hata bandeji.

4. RIKA KWA RIKA

Miaka 18 hadi 25. Rika hili linapenda cc 150, tangi kubwa na mwendo. Kama ndiyo anaanza, cc 100 au 125 inatosha kwa abiria mmoja na mzigo mdogo. Miaka miwili ya kwanza ni ya kujifunza barabara. Kabla kikundi hakijatoa shilingi, aonyeshe leseni ya daraja A na awe amepita shule ya udereva. Aliye chini ya miaka 18 hana ruhusa ya kubeba abiria, hata kama ni mrefu kuliko baba yake. Wazee wetu husema mtoto akililia wembe mpe. Kwa pikipiki methali hii tuiache, kwa sababu huenda wembe huu usimpe nafasi ya pili.

Miaka 26 hadi 40. Hawa ndio wenye familia na kazi nzito: maziwa, majani ya ng'ombe, kebeji, mikate, abiria mpaka usiku. Kama njia ni ya kupanda na mzigo ni wa kila siku, cc 125 au 150 ina sababu ya kweli. Watazame springi za nyuma, keria iliyochomelewa vizuri, na kama fundi wa karibu anazo spea. Onyo lao ni moja: pikipiki haikuwa gari la familia. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, naye na dereva wote wavae helmeti na jaketi la kung'aa. Baba, mama na watoto wawili juu ya kiti kimoja ni jambo tunaloliona kila Jumapili asubuhi, na si zuri.

Miaka 41 hadi 60. Hapa wako wakulima, walimu, wenye maduka, na akina mama wanaopeleka mboga soko la Karatina. Wengi wanaanza kuvaa miwani. Mgongo unaanza kuuliza maswali. Wachague yenye stata ya kubonyeza kwa kidole pamoja na kiki, kiti kisicho juu sana, na kanyagio la gia la kusukuma kwa kidole na kwa kisigino, kwa sababu linakubali hata gambuti. Kwa akina mama kuna pikipiki za kupitisha mguu katikati badala ya kuurusha juu ya kiti. Mfano wake ni Honda Super Cub, ambayo ilianza mwaka wa 1958 na haina mkono wa klachi. Kufika mwaka wa 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100 duniani. Chombo kilichouzwa hivyo hakiwezi kuwa cha kuchekwa. Anayeanza kujifunza katika umri huu ajifunze uwanjani kwanza, siku ambayo shule imefungwa, na mwalimu mwenye subira. Asijifunze barabarani wala siku ya soko.

Miaka 61 na zaidi. Anayeendesha tangu zamani anaweza kuendelea, lakini apimwe macho kila mwaka, aendeshe mchana tu, na achague nyepesi ya cc 100 au ya magurudumu matatu kama ana mizigo. Siku macho yakikataa, akubali. Kukabidhi ufunguo kwa hiari ni heshima, tena ni kubwa kuliko ile ya kuokotwa mtaroni.

Wengi wa rika hili wanabebwa. Kwao tunasema: chagueni dereva kabla ya kuchagua pikipiki. Panda kutoka mahali palipoinuka, kama ngazi au ukingo wa barabara. Kaeni kwa kutanua miguu pande zote mbili, si kwa upande mmoja. Cucu anaweza kuvaa suruali ndani ya rinda, hakuna dhambi hapo. Hakikisha miguu imefika kwenye vyuma vya kukanyagia, na mzigo usiwe mikononi. Helmeti ni lazima hata kwa safari fupi. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi nyingi ulionyesha kwamba helmeti hupunguza vifo vya ajali za pikipiki kwa karibu asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69. Mifupa ya mzee, na hasa ya mama mzee, huvunjika upesi na kupona polepole.

Neno dogo juu ya pikipiki za umeme, kwa sababu tunaulizwa. Zimeanza kuonekana nchini, hasa Nairobi. Hazina kiki, nyingi hazina gia za kubadilisha, na mota ya umeme haipotezi nguvu kwa sababu ya hewa nyepesi. Kwa mtu mzima zinavutia. Lakini kabla ya kununua ulizeni: betri itachajiwa au itabadilishwa wapi, umbali gani kutoka kijijini, na ikiharibika nani atatengeneza? Kama jibu ni "mjini mbali", ngojeni kwanza.

5. HESABU KABLA YA KUTIA SAHIHI

Mwekahazina achukue kalamu. Tunatumia mfano. Wekeni bei za kwenu.

Tuseme pikipiki inauzwa shilingi 180,000 taslimu. Mkopeshaji anataka kianzio cha 20,000, halafu 450 kila siku kwa siku 540.
450 mara 540 ni 243,000.
Ongeza kianzio 20,000, jumla ni 263,000.
Toa bei ya taslimu 180,000. Umelipa 83,000 zaidi.

Kosa la vijana ni kutazama ile 450 peke yake. 450 inaonekana ndogo. Lakini inadaiwa hata siku ya mvua, siku ya mazishi na siku ya homa. Ikikosekana, pikipiki inachukuliwa, na kianzio alichotoa guka kimepotea.

Sasa petroli. Tuseme kwa kazi ile ile pikipiki ndogo inakula lita 2 kwa siku, na kubwa lita 2 na nusu. Tuseme lita ni shilingi 180.
Nusu lita ni shilingi 90 kwa siku.
Kwa siku 26 za kazi ni 2,340 kwa mwezi.
Kwa mwaka ni 28,080.

Kama ile nusu lita inabeba mzigo unaolipa zaidi ya 90 kwa siku, chukua kubwa bila aibu. Kama inabeba sifa tu, kikundi kiseme hapana.

Msisahau bima. Ile ya lazima ni ya kulinda watu wengine. Haitengenezi pikipiki yako wala haikutibu wewe dereva. Kwa hivyo kikundi kihakikishe kila anayepewa pikipiki amejiandikisha SHA na amelipa mchango wake.

6. JARIBIO LA DAKIKA TANO

Kabla ya kununua, mwanachama aende na pikipiki yenyewe, mbele ya watu wawili wa kikundi, afanye haya:
1. Akae juu yake. Je, miguu yote miwili inafika chini vizuri?
2. Aisukume kurudi nyuma hatua tano mahali penye mwinuko kidogo.
3. Aiweke kwenye stendi ya katikati, aitoe, aiweke tena.
4. Aiwashe kwa kiki mara tatu.
5. Apande na kushuka mara tatu, ikiwa na mzigo wa kawaida wa kazi yake.

Akishindwa na mawili kati ya haya, pikipiki hiyo si yake, awe na miaka 19 ama 59. Jaribio hili halimuulizi mtu umri wake wala halimwaibishi. Linauliza mwili wake, na mwili haudanganyi.

7. IGIZO FUPI

Watu watatu waigize mbele ya kikundi.

GUKA: Malipo ya kahawa yameingia. Nimesema nikusaidie kianzio. Umeona pikipiki gani?
KIJANA: Asante guka. Nimeona moja ya 150, nyeusi, tangi kubwa. Ina redio.
GUKA: Redio ya nini? Utabeba maziwa ama utabeba habari?
KIJANA: Guka, nikienda steji na ile ya 100 watanicheka. Wataniita mzee.
GUKA: Mimi naitwa mzee kila siku na sijafa. Hao watakaocheka, ndio watakulipia ile pesa ya kila siku?
KIJANA: Lakini na wewe guka, hiyo Yamaha ya zamani unayotaka ninunue, spea zake nitatoa wapi? Fundi wa hapa haijui. Unaitaka kwa sababu ya yule daktari wa ng'ombe mliyekuwa mnamheshimu.
GUKA: (anacheka) Hapo umenishika.
CUCU: Nyinyi wawili mnabishana juu ya macho ya watu. Mimi ndiye nitabebwa kwenda kliniki. Hiyo ya tangi kubwa nitaipandia wapi? Na hiyo ya zamani ikizima pale mteremko wa mtoni, nani atasukuma?
KIJANA: Cucu, hatukukuuliza.
CUCU: Basi niulizeni sasa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika igizo, ni maneno gani yanatoka kwa mwili, gani kwa mfuko, na gani kwa macho ya watu?
2. Guka na kijana kila mmoja ana kosa lake. Ni lipi?
3. Katika kikundi chetu, nani huamua aina ya pikipiki: anayelipa, anayeendesha ama anayebebwa? Nani angefaa kuulizwa zaidi?
4. Je, kuna mama au mzee kati yetu ambaye angefaidika na pikipiki lakini anaogopa kusemwa? Tumsaidie vipi?
5. Mwanachama akikataa kufanya jaribio la dakika tano, kikundi kifanye nini?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Katibu aandike kwenye daftari pikipiki zote za wanachama na za watoto wao: umri wa mwenyewe, cc, kazi yake, inakula petroli kiasi gani kwa siku, imelipwa ama ina deni. Watu wawili waende kwa fundi wa karibu wamuulize ni pikipiki zipi anaziona mara nyingi, na zinaharibika nini. Mkutano ukikutana, wekeni daftari mezani msome pamoja. Mtaona wenyewe ni ngapi zilinunuliwa kwa kazi na ni ngapi kwa macho ya watu.

Kisha andikeni sheria yenu wenyewe ya kikundi juu ya kununua pikipiki, mistari mitano tu, kila mtu atie sahihi, vijana na wazee. Mkiipata, tutumieni nakala ili vikundi vingine navyo vijifunze.